Hewa ukaa nyumbani, anza na mkaa

Dada umeuliza kama mtu wa kawaida hapa Tabora anaweza kupunguza hewa ukaa bila kununua sola, anaweza sana tu, anza na kupunguza mkaa, maana kwenye matanuri yetu ya udongo kilo moja ya mkaa inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni, ndo misitu yetu ya miombo inavyoisha hivyo. Mi maharage naloweka toka usiku, asubuhi namwaga maji nabandika kwenye presha kuka ya umeme, mpaka yanaiva LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) haijala hata yuniti moja. Huna? Tumia jiko banifu (lile linalokula mkaa kidogo), funika sufuria, mkaa uliobaki utie kwenye debe lenye mfuniko uzimike wenyewe (sio kumwagia maji jamani), kesho unawasha tena. Taa za LED nazo sawa ila hapo unaokoa kidogo.