Mpishi wa shule ya umma, mjamzito: kazi itanisubiri?

Dada yangu wa Nyakach, pole. Unasema umepika miaka 4 bila barua ya ajira, na mkuu wa shule amekwambia ukienda kujifungua usirudi.

Kwanza, TSC, yaani tume ya serikali inayoajiri walimu, haikuhusu. Mwajiri wako ni bodi ya shule, ile BOM, kwa hivyo huko ndiko barua yako iende. Hicho "kibarua" wanachokuita kisikutishe: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inamgeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kuandika mkataba ni jukumu lao, si lako.

Likizo ya uzazi ni miezi 3 kwa mshahara kamili, na unarudi kazi ileile, au nyingine inayokufaa yenye masharti yasiyo mabaya zaidi. Wape notisi ya maandishi angalau siku 7 kabla. Andika nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. (Karani akikataa kugonga, ipige picha mezani kwake.) Kumfuta mtu kwa sababu ya mimba ni kosa, iwe bodi imekaa kikao au la.

Kusanya ushahidi sasa: jumbe za M-Pesa za mshahara, daftari la zamu, taarifa ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kama walikukata.

Wakikufuta, anza na ofisi ya leba Kisumu au KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa nyumbani, hoteli, shule na hospitali. Mahakama ya ajira ipo hapohapo mjini, na una miaka 3 ya kushtaki. Ila usingoje mtoto atembee ndipo uanze.