Watoto wanaosusa chakula cha usiku: yaliyonisaidia nyumbani kwangu

Usiku ule nilikuwa nimepika ugali, dagaa na mchicha. Mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka minne, alikaa mkekani, akaitazama sahani, akafumba mdomo. Nikambembeleza. Nikamtishia. Mwisho nikambana mashavu kwa vidole viwili nikamsukumia tonge. Alitapika palepale, akalia mpaka kwikwi ikamshika, na dada yake wa miaka saba, ambaye angalau huwa anagusagusa, naye akaisukuma sahani yake kando. Nilipokuwa nausugua ule mkeka saa nne usiku, watoto wote wawili wamelala na njaa, niliapa kwamba sitamlazimisha mtoto kula tena.

Ni karibu miaka miwili sasa. Nawaandikia wazazi wenzangu kwa sababu najua jinsi jambo hili linavyouma. Umetoka kazini, umesimama kwenye daladala toka Posta mpaka Mbagala hapa Dar es Salaam, umeingia jikoni hata viatu hujavua, halafu mtoto anaitazama mboga yako kama umemwekea dawa.

Kesho yake nilikaa na dada anayetusaidia nyumbani, tukahesabu kila kitu kilichopita mdomoni mwa mtoto kuanzia mchana. Saa tisa, chai ya maziwa na maandazi mawili. Saa kumi, juisi ya boksi. Saa kumi na moja, bibi yake kamnunulia biskuti dukani. Saa kumi na mbili, kashata. Saa moja usiku, mimi bado niko kwenye foleni, kikombe kizima cha maziwa ili anyamaze. Saa mbili ndiyo ninampakulia ugali! Mtoto yule hakuwa mkaidi, alikuwa ameshiba. Tumbo la mtoto wa miaka minne ni dogo, na kashata tamu inalijaza sawasawa na tonge.

Kwa hiyo nilianza na saa kabla ya kugusa mapishi. Sasa watoto wanapata kitu kimoja saa kumi alasiri: ndizi mbivu, au kipande cha muhogo wa kuchemsha, au uji. Baada ya hapo ni maji tu. Chakula cha usiku kinaliwa saa moja na nusu, hata kama mimi nimechelewa. Kazi ngumu ilikuwa kwa mama mkwe wangu, maana bibi ana haki yake ya kumpa mjukuu kitu. Nilimwendea kwa heshima, nikamwambia, "Mama, naomba biskuti zile umpe saa kumi, zisipite hapo, nataka alale ameshiba chakula chako." Akanijibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa naona anateseka na njaa." Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Tukakubaliana, na wiki ya pili yeye ndiye akawa anamzuia mwenye duka.

Wiki ya kwanza ilikuwa na vilio. Nilishikilia.

Jambo la pili nililipata kwa mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, na mpaka leo sijaona mgawanyo wa kazi ulio bora kuliko wake. Anasema mzazi ndiye anayeamua ni chakula gani kinaliwa, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Basi. Mimi nilikuwa nafanya kinyume kabisa: namwachia mtoto aamue kinachopikwa, maana akisusa mboga nakimbilia kumkaangia chipsi, halafu nagombana naye juu ya matonge mangapi ameze. Siku hizi chungu ni kimoja kwa wote, ila kila usiku nahakikisha kuna kitu kimoja anachokijua na kukipenda. Kama mboga ni ngeni, ugali upo. Kama wali umechanganywa na kitu, pembeni kuna tikitimaji au parachichi. Akila ugali na parachichi tu, nashukuru, naondoa sahani, simfuati na kijiko uani.

Nilijifunza pia kupakua kidogo. Kipimo ambacho wataalamu wengi wanakitumia ni kijiko kikubwa kimoja cha kila aina ya chakula kwa kila mwaka wa umri. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne ni vijiko vinne vya mboga, na akitaka zaidi ataomba. Mimi nilikuwa nampakulia kama baba yake. Kumbukeni vilevile kwamba baada ya mwaka wa kwanza mwili wa mtoto unapunguza kasi ya kukua, na hamu ya kula inashuka pamoja nayo. Halafu kati ya miaka miwili na sita watoto wengi wanaogopa chakula wasichokijua. Nilipolielewa hili moyo wangu ulitulia, nikaacha kudhani mwanangu ananidharau.

Sasa tuje jikoni, kwa sababu huko nako nilikuwa na makosa. Mchicha ule aliotapika, nilipouonja kwa makini siku nyingine, ulikuwa umeiva kupita kiasi, una maji, na mashina marefu yanayonyooka kama nyuzi mdomoni. Mtoto hawezi kulitafuna shina lile. Siku hizi nachambua majani peke yake na ncha laini, naosha maji matatu kabla ya kukata ili mchanga utoke, kisha nakata mwembamba kabisa. Nakaanga kitunguu na nyanya mpaka nyanya inaachana na mafuta, natia mchicha na chumvi, nafunika dakika tatu au nne, basi, rangi yake bado ya kijani. Mwisho namimina karanga zilizosagwa, nimezikoroga kwanza na maji kidogo, nageuza mpaka inakuwa rojo inayoshika tonge. Karanga zile zinaondoa ule ukali wa majani, na zinaongeza mafuta na protini. Chagueni karanga safi. Zilizokunjamana au zenye ukungu msizipike, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Na karanga nzima nzima msimpe mtoto mdogo, zinaweza kumpalia.

Dagaa ndio nilioteseka nao zaidi, na ndio ninaowapenda zaidi. Kwa bei yake hakuna mboga sokoni inayoufikia ubora wake: unamla na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata kalisi, madini ya kuimarisha mifupa, pamoja na protini. Tatizo ni shombo, na yale macho. Mwanangu alikuwa anasema, "Mama, ananiangalia." Sikumcheka, kwake lilikuwa jambo la kweli. Nikaanza kuwatoa vichwa na matumbo usiku wa Jumamosi, tukikaa wote watatu na ungo. Nawaosha kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe, nawaanika, nawakaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wakatike vidoleni, kisha nawatwanga kwenye kinu. Unga ule unakaa kwenye kopo lenye mfuniko, na ndio hazina yangu ya wiki nzima.

Kwa katlesi, nachemsha viazi vinne vya wastani na maganda yake, namenya na kuponda vikiwa bado moto. Natia nusu kikombe cha unga wa dagaa, karoti moja iliyokunwa, kitunguu nacho nimekikuna, tangawizi, giligilani na maji ya ndimu. Ndimu na tangawizi ndizo zinazolikata shombo, msiziache. Watoto wanafinyanga wenyewe. Binti yangu anatengeneza duara zilizolingana, mdogo wake anatengeneza kitu anachokiita gari. Nazichovya kwenye yai lililopigwa, nazikaanga kwa mafuta machache kwenye kikaango, upande huu mpaka ugumu kidogo, kisha ule. Usiku wa kwanza kijana alikula magari mawili akaomba la tatu.

Sikumficha kilichomo. Hapa natofautiana na akina mama wengi ninaowaheshimu. Niliwahi kusaga mchicha nikaukandia kwenye unga wa chapati, na chapati zile za kijani ziliisha zote. Ni jambo zuri siku ukiwa na wasiwasi kwamba mtoto hajapata mboga wiki nzima. Lakini mtoto aliyekula mchicha bila kuujua hajajifunza kula mchicha, na akigundua amedanganywa anaanza kuikagua hata chapati. Mimi nikipika chapati ile sasa, namwambia ina mchicha, na mchicha wenyewe naweka pembeni, kijiko kimoja.

Maharage nayachemsha Jumapili, mengi, nayagawa kwenye vikopo na kuyagandisha. Jioni ya Jumanne nikifika nimechoka, naunga kwa nazi kwa dakika kumi na tano. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na majani mwili unayapata vizuri zaidi yakiliwa pamoja na vitamini C, kwa hiyo tunakula na kachumbari ya nyanya iliyokamuliwa ndimu, au nawakatia chungwa. Na chai tumeiondoa kwenye chakula cha usiku, kwa sababu inazuia mwili kuyachukua madini hayo. Najua nyumba nyingi chai na mkate ndicho chakula cha usiku chenyewe, hata kwetu nilikokulia ilikuwa hivyo mwisho wa mwezi. Kama ni lazima, afadhali mpe mtoto uji wenye karanga na maziwa kuliko chai.

Viazi lishe, vile vyenye rangi ya machungwa ndani, nawapikia kwa tui jepesi na chumvi kidogo. Rangi ile ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, na inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe, ndiyo maana tui linafaa. Ni vitamu vyenyewe, sijawahi kupata taabu navyo.

Kila mtoto ana la kwake, na inafaa kumsoma mmojammoja. Binti yangu hapendi vyakula vigusane. Wali ukimwagiwa mchuzi juu, haugusi. Mchuzi ukiwa kwenye kibakuli chake, anachovya na kumaliza vyote. Kijana yeye ni vitunguu. Anavitoa kwenye wali kimoja kimoja, anavipanga kwenye ukingo wa sahani kama anahesabu fedha. Zamani nilikuwa namkaripia. Sasa namwacha apange, anakula wali wote uliobaki, na mwezi uliopita nilimwona amevisahau vitunguu viwili akavila.

Maneno nayo nimeyapunguza. Nimeacha kusema "maliza mboga nikupe soda", kwa sababu namfundisha kwamba mboga ni adhabu na soda ndiyo zawadi. Nimeacha "ona dada yako anavyokula". Televisheni inazimwa, na simu yangu mwenyewe inabaki chumbani. Ijumaa tunakula sinia moja kama tulivyolelewa sisi, na hapo ndipo ninapoona mambo: mkono wa mtoto unafuata mkono wa baba yake. Baba akimega bamia, macho ya mtoto yanaifuata ile bamia mpaka mdomoni. Hakuna hotuba inayoweza kufanya kazi hiyo.

Wapo watoto ambao tatizo lao si la jikoni, na hao msiwangoje wakue. Kama mtoto anapungua uzito, au mstari kwenye kadi ya kliniki umelala haupandi, kama anapaliwa kila akila kitu kigumu, kama vyakula anavyovikubali vinazidi kupungua mwezi hadi mwezi, mpelekeni hospitali. Anayekula udongo au mchele mbichi huenda amepungukiwa damu, apimwe. Hapa Tanzania watoto kuanzia miezi sita mpaka chini ya miaka mitano wanapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na waliofikisha mwaka mmoja wanapewa dawa ya minyoo. Ni bure, msiache zipite. Na mkiambiwa anadeka tu ilhali moyo wenu unawaambia kuna kitu, rudini tena. Mimi niliambiwa hivyo mara moja, nikarudi, na alipopimwa damu ilikuwa chini.

Mwenzangu, usikate tamaa mtoto akikataa mara tatu. Watafiti wa ulaji wa watoto wameona kwamba chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla mtoto hajakikubali, na wengi wetu tunaacha kukipika baada ya mara ya tatu au ya nne. Mimi nina kalenda ukutani jikoni, na kila chakula kigeni ninapokiweka kwenye sahani naweka alama. Mchicha ulichukua alama kumi na moja. Sasa anaula bila kusema neno.

Bamia bado. Jana nilimwekea moja, ndogo, ukingoni mwa sahani. Aliigusa kwa kidole, ute ukamfuata, akanusa kidole, akakilamba kidogo kwa ncha ya ulimi, kisha akarudi kwenye ugali wake na mimi nikaendelea kula changu. Hiyo ilikuwa alama ya sita.