Bustani kwenye yadi ya gereji? Chimba shimo kabla hujachora

Mleta mada SIMAMA HAPO HAPO. Unasema yadi ya gereji ya zamani huko Igogo, Mwanza mmeshapewa, mchoraji kaleta picha za rangi, wiki ijayo mnamwaga udongo, halafu unatuuliza miti gani, taa gani, mabenchi gani. Shimo mmechimba? Hata moja?

Mi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya mtaa wetu, yadi kama hiyo hiyo. Tukaletewa mtaalamu na laptopu yake, akatuonyesha High Line ya New York, reli iliyotelekezwa huko juu ikafunguliwa kama bustani 2009, basi wote tukajiona tumefika. Nikamuuliza, huu weusi chini vipi? Akajibu "mzee huo unafunikwa tu, mwaga udongo mzuri sentimita 15, panda ukoka, imeisha hiyo." Kweli iliisha. Hela.

Tukapanda miarobaini na ashoki, vuli ikanyesha, watu wanapiga selfi. Kufika kiangazi miche inakauka kuanzia juu, tunamwagilia inakauka, tunamgombeza mlinzi kwamba hamwagilii (mzee wangu popote ulipo nisamehe). Siku tunang'oa mmoja ndo tunakuta mizizi imegusa ule weusi ikakunja kona ikarudi juu kama imekanyaga kaa la moto. Oili chafu ya miaka na miaka, imeshindiliwa na matairi mpaka maji hayapenyi. Kuchimba zaidi, mabaki ya betri. Betri ina madini ya risasi jamani, na sisi tumesimika bembea ya watoto JUU YAKE, na watoto wenyewe ndo hawa wa kulamba udongo. Masika ikamalizia, maji yanashuka toka milimani kwenye mawe, chini hayanyonyeki, udongo wetu wa kununua kwa tripu wote ukaingia mtaroni mpaka mto Mirongo, na Mirongo unajua unaishia wapi, Ziwa Victoria. Sangara wamekula bajeti yetu.

Mtaalamu tukampata kwa namba ngeni, eti mvua ilikuwa "nje ya usanifu". Bibi yangu Magu hajui hata kushika penseli ila hapandi mahindi kabla hajashika udongo!!

Sio kwamba haiwezekani. Seattle kule Marekani kuna Gas Works Park, kiwanda cha gesi kilichokufa, ilifunguliwa 1975, ila wale walihangaika na udongo, wakachanganyia vitu vya kuoza ili bakteria wale mafuta.

Kwa hiyo chimba. Mashimo kumi, mita moja na nusu, nusa, mwaga ndoo ya maji uhesabu dakika inazama lini. Tafuta mafundi wa zamani wakuonyeshe oili walikuwa wanamwaga wapi, hapo chota udongo upeleke kwa Mkemia Mkuu ofisi ya kanda waupime risasi. Halafu ndo mchoraji aje, pabaya aweke maegesho, watoto awapeleke pasafi. Na kama mpo karibu na ziwa pimeni zile mita 60 za sheria ya mazingira kabla hamjajenga kitu cha kudumu.

Mabenchi weka ya zege, ya chuma yataishia skrapa. Taa uliuliza nini vile? Hebu chimba kwanza utuwekee picha.