Ute wa miiba ya kiti cha pweza

Ndugu muulizaji, umeuliza ute wa kiti cha pweza hutoka wapi. Ute ulionata vidoleni ulipomgusa yule kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota na mikono myembamba, chini ya jiwe, maji yalipokupwa Malindi, hutoka kwenye tezi za ngozi yake, zikiwemo zile za miiba iliyopangika kandokando ya mkono. Baadhi ya jamii zake huutumia kunasia chembe za chakula zinazopita na maji, kisha vimiguu laini vya mkono huzikusanya na kuzipeleka mdomoni. Mwiba wenyewe una neva ndani yake, hivyo mnyama huhisi hata mguso mwepesi, ingawa hana ubongo. Jambo hili hunistaajabisha hadi leo. Mtazame kwa lenzi akiwa majini, ulirudishe jiwe lilivyokuwa, wala usimvute, kwani mkono hukatika upesi.