Bata mzinga mwitu: mvizie karibu na mti anaolala, sanamu ziache nyumbani

Wenzetu wanaoanza kuwinda huku Missouri, Marekani, huniuliza wanunue sanamu gani za bata mzinga, zile za plastiki za kumvutia ndege. Nawaambia wasinunue. Karibu na mti wanaolala, sanamu itakuponza: dume yuko tawini, ana macho makali, na akikuona unahangaika kusimika plastiki pale chini, asubuhi yako imekwisha.

Kazi huanza jioni ya kuamkia siku yenyewe. Bata mzinga mwitu hulala juu ya miti, kama kanga wa kwetu. Kwenye vilima vya Ozark tafuta mialoni mikubwa kwenye miteremko ya juu ya vijito. Chini yake angalia manyoya na kinyesi: cha dume ni kirefu, kimepinda mwishoni kama herufi J, cha jike kimejikunja. Jua likizama, iga mlio wa bundi mara moja. Dume akiwika, umeshajua mti wake. Ondoka kimya.

Alfajiri fika giza likiwa bado nene, uketi kama mita 100 kutoka kwenye mti huo. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kwa desturi yao, jike ndiye humfuata dume. Dume akisikia sauti ya jike unayoiga, akatazama na kuona uwanja mtupu, husimama hukohuko mbali, anatandaza mkia na kungoja. Kwa hiyo usikae penye uwazi. Kaa nyuma ya kituta au kwenye kona ya njia ya msituni, mahali ambapo hawezi kuona inakotoka sauti mpaka awe ndani ya mita 35. Udadisi utamleta. Ukipata mahali pa namna hiyo, sanamu ya nini tena?

Akiwa bado mtini, mwite kwa mlio mmoja au miwili laini, basi. Ukizidisha, atabaki juu akingoja jike aje chini ya mti. Subiri usikie mabawa mazito yakishuka, ndipo uite tena. Akinyamaza usiinuke, wengi huja kimya, na unachosikia ni ncha za mabawa zikikwaruza majani makavu.

Usimpige akiwa tawini. Huo si uwindaji. Msimu wa machipuko ruhusa ni ya dume, au ndege mwenye ndevu (manyoya marefu kama nywele) zinazoonekana kifuani, kwa hiyo mwone vizuri kwanza, kisha lenga kichwa na shingo. Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Usivae nyekundu, nyeupe wala buluu, maana ndizo rangi za kichwa cha dume, na msituni hauko peke yako.

Akiondoka na majike wake, usimfukuze. Asubuhi ikisonga majike huenda kutaga, naye huweza kurudi kule alikosikia sauti. Kwenye ardhi ya umma mwisho ni saa 7 mchana, basi beba maji na ukae hapohapo.