Sahihi si yangu na hundi imelipwa: hasara ni ya nani?

Dada mwenye duka la leso Biashara Street ameuliza: karani ameghushi sahihi yake kwenye hundi, benki imelipa, na dirishani aambiwa pesa zishatoka, avumilie.

Dada yangu, usivumilie. Sheria yetu ya Kenya ya hati za malipo, Sura ya 27, imefuata ile ya Uingereza ya 1882: sahihi ya kughushi, au iliyotiwa bila idhini, haina nguvu hata chembe. Benki iliyolipa kwa sahihi hiyo imetoa pesa zake yenyewe, haina haki ya kuzikata kwenye akaunti yako. Hata aliyeipokea hundi kwa nia safi hapati haki kupitia sahihi hiyo.

Lakini kuna mwanya, na pesa zangu zilipitia hapo. Mwenendo wako mwenyewe waweza kukuzuia kudai kwamba sahihi imeghushiwa.

Nilikuwa na duka la vipuri Mwembe Tayari. Jioni moja nalinganisha taarifa ya benki na kitabu cha hundi, nikaona hundi ya shilingi 85,000 nisiyoijua. Kufungua kitabu, majani matatu ya mwisho hayapo, yamechomolewa pamoja na vishina vyake. Benki wakanionyesha hundi yenyewe. Mkia wa sahihi yangu naupiga kutoka kulia kwenda kushoto, mkono wa chuo cha Kurani huo. Ule ulianzia kushoto, na wino umetuama pale kalamu iliposita. Nikajua papo hapo ni mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akiniuzia dukani. Mamake ni marehemu. Nikamwambia afisa "nitaangalia", nikatoka. Kijana alilia, akaapa hatarudia. Nikanyamaza.

Wiki ya sita zikalipwa zile mbili zilizobaki, jumla 310,000.

Nilipodai, wakili wa benki alinitolea kesi ya Greenwood na Martins Bank, ya Uingereza miaka ya 1930. Mume alijua mkewe anaghushi sahihi yake, akabembelezwa, akanyamaza miezi. Aliposhtaki benki alishindwa, kwa kuwa kimya chake kiliinyima benki nafasi ya kumdai mghushi. Tukapatana nje ya mahakama: nikarudishiwa 85,000, zile 310,000 zikapotea. Bado zaniuma.

Basi leo, kabla hujafunga duka, iandikie benki barua, nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Iambie isilipe majani ya hundi yaliyobaki. Pita kituo cha polisi uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Karani akija na wazee kuomba msamaha, wasikilize kwa heshima, lakini barua iwe ishafika.

Ila hakikisha kitu kimoja: alighushi sahihi yako, au alitia yake kwa niaba ya duka bila ruhusa? Hiyo ya pili si kughushi, na waweza kuonekana umeiridhia baadaye. Kama hundi hiyo ilinunua mzigo, usifungue robota hata moja kabla hujaonana na wakili.