Taya la konkasere usilipashe moto

Mwaka wangu wa pili wa kuchomelea, kwenye atelye (karakana) moja ya Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi), niliwekewa mbele taya la konkasere (mashine ya kuponda mawe) lililolika kwa kuvunja mawe ya machimbo. Nikalitendea kama chuma chochote kinene: nikalipasha moto, nikachomelea bila kupumzika, nikalifukia kwenye majivu lipoe polepole. Siku ya tatu likarudi limepasuka kando ya mshono.

Yaya mmoja (kwetu ni kaka mkubwa) aliyezeeka migodini akaligusisha sumaku. Haikushika. «Manganizi hiyo,» akasema, akacheka.

Chuma hicho, kilichochanganywa na metali iitwayo manganizi, alikigundua Robert Hadfield kule Sheffield mwaka 1882: manganizi kama asilimia 12, kaboni zaidi kidogo ya 1. Vyote vimeyeyuka ndani yake, kama sukari kwenye asali, ingawa kigumu. Chembe za kaboni ni ndogo, hujibana kati ya chembe za chuma. Za manganizi hukalia nafasi za chuma chenyewe. Wageni hao hawalingani na wenyeji, basi safu zinapindapinda, na jiwe likigonga haziteleziani kirahisi. Silikoni iliyo kwenye resori (springi) za lori nayo husaidia hivyo hivyo. Fosforasi inaimarisha kuliko manganizi, ila chuma kinakatika kama biskuti, ndiyo maana viwanda vinaikimbia.

Manganizi ina kazi nyingine kubwa zaidi: inakilazimisha chuma kibaki katika mpangilio unaopokea kaboni nyingi hata kikiwa baridi. Mpangilio huo ndio unaoikataa sumaku. Lakini ukikiacha na moto muda mrefu, kaboni inajitenga kama asali inavyoganda chembe chembe, na taya linakuwa kigae. Majivu yangu yalifanya hivyo. Kiwandani hulipasha kupita digrii 1,000, kisha majini papo hapo!

Siku hizi sumaku iko mfukoni. Sipashi moto. Mshono wangu hauzidi urefu wa kidole, kisha nahamia upande mwingine. Nadondosha tone la maji kando yake, likichemka napumzika. Bageti (fito za kuchomelea) ni za manganizi, si zile za madirisha. Na kabla ya yote natoa kwa diski ile ngozi ya juu iliyogongwa na mawe, maana imekuwa ngumu mno na hupasuka chini ya mshono. Hilo nililisahau kwenye taya la pili, na nikalilipa mwenyewe.